Shokapu Haitupwi: Kuwapinga Wanaosema Haitengenezeki

Kuna sentensi moja iliyozoeleka sana katika maduka ya spea hapa Uganda, nami naandika insha hii ili kuipinga. Sentensi yenyewe ni hii: "Shokapu ya namna hii haitengenezeki, nunua nyingine." Huambiwa mkulima, huambiwa mwendesha bodaboda, huambiwa katekista mwenye pikipiki kuukuu aliyoipata kutoka kwa mradi uliokwisha zamani. Husemwa kwa sauti ya mtu anayejua, na kwa kuwa msikilizaji hajui, hutoa pesa. Mimi nasema sentensi hiyo si kweli. Tena ina madhara, kwa sababu inamfanya mwenye chombo aamini kwamba ndani ya chuma kile mna siri ambayo mtu wa kwetu hawezi kuielewa.

Najua baadhi ya wasomaji wa mkusanyiko huu watashangaa. Sisi ni wanafunzi wa Kiswahili. Tulitarajiwa kuandika kuhusu ushairi, riwaya, ngeli za nomino au historia ya lugha. Nami nimeleta pikipiki yenye oili! Nawaomba wavumilie. Nina hoja tatu, na ya tatu inatuhusu sisi wenyewe. Ya kwanza ni kwamba shokapu ya gesi hufunguliwa, hutengenezwa na kurudi kazini. Ya pili ni kwamba wale wanaoitengeneza ovyo, kwa kudhani gesi yoyote ni gesi, ni hatari kuliko wale wanaoitupa. Ya tatu ni kwamba maarifa haya yana haki ya kuandikwa kwa Kiswahili, na wanaosubiri ruhusa ya kamati ya istilahi wanachelewesha kazi ya watu.

Kwanza tukubaliane kuhusu neno. Darasani kwetu, kila tunapofika kwenye msamiati wa ufundi, mjadala hugeuka ugomvi. Mmoja hutaka maelezo marefu, kama vile "kifaa cha kupunguza mtikisiko". Mwingine husema tuandike Kiingereza, tumalize. Mafundi wa Tanzania hawakutusubiri. Wao husema shokapu, na wengine shokamzoba. Wenzetu wanaotoka Bukavu na Goma, ambao lugha ya jirani yao ni Kifaransa, husema amortisa. Mimi nitatumia shokapu, kwa sababu ni fupi na watu wenye mikono michafu wanaitumia kila siku.

Sasa shokapu ni nini? Wengi hudhani ni ile springi kubwa inayoonekana kwa nje. Springi ni nusu tu ya kazi. Springi hubeba uzito wa mtu na mzigo, lakini ikibonyezwa na kuachiwa hurudi kwa nguvu ileile, kisha hupita mahali pake, kisha hurudi tena, kama mtoto anayeruka juu ya kitanda. Ndani ya springi kuna silinda yenye oili. Ndani ya oili hupita pistoni iliyofungwa kwenye fimbo ya chuma iliyopakwa kromu. Pistoni ina matundu madogo, na matundu hayo yamefunikwa na visahani vyembamba vya chuma vinavyopinda kidogo oili inapovisukuma. Ili pistoni iende juu au chini, oili lazima ipenye katika matundu hayo. Kupenya huko ni kwa taabu, na taabu hiyo ndiyo breki ya springi. Nguvu ya mtikisiko hugeuka joto. Ukishuka mlima mrefu wenye mawe kisha ukagusa silinda ya shokapu nzima, utaona imepata moto. Ikiwa baridi kama ilivyokuwa asubuhi, basi haikufanya kazi yoyote.

Gesi inaingia wapi? Hapa ndipo wauzaji hupata mahali pa kujificha. Fimbo inapozama ndani ya silinda huchukua nafasi, na oili haibonyezeki. Kwa hiyo lazima pawepo mahali pa oili kusogea. Zaidi ya hayo, pistoni ikienda kasi, nyuma yake oili hupungukiwa na shinikizo, vipovu huzaliwa, na baada ya dakika chache silinda hujaa povu badala ya oili. Povu halizuii kitu. Pistoni hupita ndani yake kama kijiko kwenye maziwa yaliyochemka. Mfaransa Christian Bourcier de Carbon alilitatua tatizo hilo katika shokapu iliyopewa jina lake: silinda moja, oili upande mmoja, gesi yenye shinikizo kubwa upande wa pili, na katikati pistoni huru isiyofungwa kwenye fimbo, inayotenganisha viwili hivyo. Gesi huikandamiza oili muda wote, vipovu hukosa nafasi ya kuzaliwa, na fimbo inapozama gesi husinyaa kidogo kuipisha.

Katika miaka ya 1970 Mbelgiji Lucien Tilkens alibuni namna ya kuondoa shokapu mbili za pembeni mwa gurudumu la nyuma na kuweka moja tu, ndefu, iliyolazwa chini ya tangi la petroli. Kampuni ya Yamaha iliuchukua mfumo huo, na mwaka 1973 Msweden Håkan Andersson akawa bingwa wa dunia wa mbio za motokrosi za daraja la cc 250 akiendesha Yamaha ya namna hiyo. Baadaye Yamaha iliuita Monocross na kuuweka pia katika pikipiki za kawaida za njia mbaya, zikiwemo za jamii ya DT. Moja ya hizo, DT 175, ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Pikipiki hiyo ni ya baba yangu mdogo, Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Alikuwa afisa ugani, na alipostaafu aliinunua ile aliyokuwa akiiendesha kazini. Mpaka leo huitumia kupeleka miche ya kahawa na kuwatembelea wakulima ambao gari haliwafikii. Barabara za huko zinajulikana: udongo mwekundu, mvua, mawe, na kona ambazo upande mmoja ni ukuta na upande mwingine ni bonde. Shokapu ilipoanza kuvuja, gurudumu la nyuma likawa linarukaruka. Gurudumu linaloruka haligusi ardhi, na gurudumu lisilogusa ardhi halina breki. Hilo si suala la starehe ya makalio. Kwenye mteremko wa Kapchorwa, ni suala la kurudi nyumbani au kutorudi.

Tulikwenda naye duka moja la spea mjini Kampala. Kijana aliyekuwa kaunta aliitazama shokapu kwa muda ambao mtu huutumia kuangalia saa, akasema, "Mzee, hii imekufa. Hizi hazifunguliwi, zimefungwa na kiwanda." Baba mdogo akamwuliza kwa upole, "Kijana wangu, kama kiwanda kiliifunga, si kuna mahali ilipofungiwa?" Kijana hakujibu. Alimletea shokapu ya pikipiki nyingine kabisa, fupi kuliko ile, akasema itaingia kwa kuchomelea kidogo.

Nataka tulitazame vizuri pendekezo hilo, kwa sababu ndilo linaloonyesha ubovu wa falsafa nzima ya "tupa, nunua". Katika mfumo wa shokapu moja, gurudumu husafiri umbali mrefu wakati shokapu yenyewe inasogea umbali mfupi. Kwa hiyo springi yake na vile visahani vya pistoni vimepangwa kwa nguvu tofauti kabisa na za shokapu ya pembeni. Ukiweka nyingine yoyote iliyoingia kwa kuchomelewa, utakuwa umebadilisha urefu wa pikipiki, uzito inaoubeba na namna inavyorudi baada ya shimo. Kwa maneno mengine, kijana yule hakuwa akimwuzia mzee suluhisho. Alikuwa akimwuzia ajali yenye risiti.

Hatukununua. Tulirudi Mbale, na huko tulimpata fundi ambaye ujana wake aliutumia katika gereji za Kitale, upande wa Kenya, na ambaye huzungumza Kiswahili na kila mteja hata kama mteja anamjibu kwa Kigisu. Nilikaa naye siku mbili nikiandika kila alichofanya. Nitakieleza hapa kwa ufupi, kwa sababu hoja yangu ya kwanza haihitaji ubishi mrefu. Inahitaji tu mtu aone kazi.

Kwanza aliiosha shokapu kwa nje mpaka ikang'aa. Alisema uchafu ukiingia ndani utazikata sili mpya siku ileile. Kisha aliibana springi kwa kibano chake na kuitoa, huku amesimama kando, kwa maana springi iliyobanwa ni kama mtego. Baada ya hapo alivaa miwani, akageuza mdomo wa valvu upande usio na mtu, akaitoa gesi yote taratibu. Aliirudia sentensi moja mara tatu: "Usifungue kitu chochote kabla gesi haijatoka." Silinda yenye shinikizo ikifunguliwa kwa nyundo, kifuniko chake huruka kama risasi.

Gesi ilipokwisha, alikisukuma kifuniko cha ndani kuelekea chini, na hapo ikaonekana pete nyembamba ya chuma iliyokaa kwenye mfereji wake. Hiyo ndiyo "imefungwa na kiwanda" ya kijana wa Kampala! Pete moja, inayotolewa kwa bisibisi mbili ndogo na subira. Fimbo ilitoka pamoja na pistoni, na oili ikamiminika nyeusi, nyepesi kama chai ya rangi, yenye harufu ya kuungua. Baba mdogo aliitazama akatikisa kichwa tu.

Ukaguzi ndio ulioamua kila kitu. Fundi alipitisha ukucha juu ya kromu ya fimbo kutoka mwanzo hadi mwisho. Pale ukucha uliponasa palikuwa na vidonda vidogo vya kutu. Alieleza kwamba fimbo yenye vidonda itaikata sili hata kama sili ni mpya na ya ghali. Kidonda kidogo kilicho nje ya njia ya sili hulainishwa kwa msasa mwembamba sana. Kidonda kilicho katikati ya njia kinadai fimbo ipakwe kromu upya au ichongwe nyingine kwenye lezi. Yetu ilikuwa na kidonda kimoja, karibu na ncha ambayo haifiki kwenye sili, akakilainisha. Kisha alipima kwa kalipa unene wa fimbo, upana wa tundu la sili na kimo chake. Vipimo hivyo vitatu ndivyo alivyokwenda navyo dukani. Hakuulizia "sili ya Yamaha DT" ambayo haipo tena rafuni, aliulizia sili ya vipimo hivyo, akaipata. Chuma ni kizee, lakini milimita hazizeeki.

Aliweka sili mpya, oringi mpya za kifuniko na za pistoni huru, na ukanda mpya wa pistoni. Alivitoa visahani vya pistoni kimoja kimoja, akavipanga juu ya kitambaa kwa utaratibu uleule, akaviosha na kuvirudisha bila kubadilisha hata kimoja. Alimimina oili mpya nyepesi ya shokapu, akashika jiliwa, akaanza kuisogeza fimbo juu na chini polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto, mpaka vipovu vikaacha kupanda. Kazi hiyo ilichukua karibu saa nzima. Akafunga kifuniko, akairudisha pete kwenye mfereji wake, akahakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba imekaa sawasawa pande zote. Kilichobaki kilikuwa gesi.

Hapa naingia hoja ya pili, na hapa siwaonei haya mafundi. Katika gereji hiyohiyo alikuwepo fundi mwingine, jirani, ambaye alikuja kutazama. Alisema kwa nia njema kabisa, "Mnahangaika na nini? Mchomeleaji pale ana mtungi wa oksijeni. Gesi ni gesi." Nashukuru kwamba mwenye kazi alimkatalia palepale. Lakini najiuliza ni wangapi hawakukataliwa. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na oili au grisi inaweza kulipuka bila hata cheche ya kiberiti. Ndiyo maana mchomeleaji mwenye elimu hapaki grisi kwenye valvu ya mtungi wake. Kuijaza oksijeni ndani ya silinda yenye oili, ambayo hupata joto kila inapofanya kazi, kisha kumkalisha mtu juu yake, ni kumtegea bomu. Sitaki kulipamba neno hilo. Anayesema "gesi ni gesi" anapaswa kuzuiwa, hata kama ni rafiki, hata kama ni mzee wetu.

Wapo wa pili, wasio na hatari kubwa namna hiyo lakini walio wengi zaidi, wanaosema upepo wa kompresa unatosha. Hao nawajibu kwa utaratibu. Ni kweli kwamba karibu asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, na ni kweli kwamba shokapu iliyojazwa hewa haitakataa kufanya kazi siku hiyo. Lakini hewa ya kompresa imebeba maji. Mtu yeyote aliyewahi kufungua bomba dogo la chini ya tangi la kompresa ameyaona yakitoka. Maji hayo ndani ya shokapu huleta kutu, na shinikizo lake hupanda na kushuka ovyo kadiri joto linavyobadilika. Oksijeni iliyomo katika hewa nayo hushambulia mpira na oili polepole. Tena kuna suala la nguvu. Gurudumu la pikipiki huhitaji takriban kilo 2 kwa kila sentimita ya mraba. Shokapu nyingi za gesi huhitaji kilo 10 au zaidi, yaani mara tano ya gurudumu. Kompresa nyingi za kando ya barabara hazifiki hapo. Fundi wa upepo anapokwambia "imejaa", anamaanisha kompresa yake imechoka.

Naitrojeni kavu haina maji na haipigani na oili. Na jambo linalonikera zaidi katika visingizio vya "hatuna vifaa" ni kwamba naitrojeni iko mjini tayari. Mafundi wa friji na viyoyozi huitumia kupima kama mabomba yao yanavuja. Wana mtungi, wana regyuleta, wana geji, na wanajua kwamba mtungi uliojaa una shinikizo kubwa mno kiasi kwamba kuufungulia moja kwa moja kwenye chombo kidogo ni wazimu. Fundi wetu wa Mbale alitembea hatua chache tu kwenda kwa fundi wa friji. Walifunga mpira kwenye valvu, wakafungulia regyuleta kidogo kidogo, geji ikapanda mpaka kipimo kilichotakiwa. Fimbo iliyokuwa imelala ndani ilijitokeza yenyewe taratibu mpaka mwisho. Waliizamisha shokapu kwenye ndoo ya maji na kusubiri. Hakikutoka kipovu hata kimoja.

Kutokana na fimbo hiyo iliyojitokeza nataka kuondoa dhana nyingine potofu, kwamba ukiongeza gesi pikipiki itakuwa ngumu na itabeba magunia zaidi. Tufanye hesabu. Fimbo ya milimita 14 ina eneo la kama sentimita moja na nusu za mraba. Kwa shinikizo la kilo 10 kwa sentimita, gesi huisukuma fimbo kwa nguvu ya kama kilo 15 tu. Springi ndiyo inayobeba mzigo. Gesi iko pale kuizuia oili isigeuke povu. Anayezidisha gesi ili abebe magunia anaziumiza sili, na magunia yatabaki na uzito uleule. Vilevile, usiipime gesi ya shokapu kila wiki kama unavyopima gurudumu. Chumba chake ni kidogo sana, na gesi inayoingia kwenye mpira wa geji pekee inatosha kushusha shinikizo. Unapodhani unapima, unapunguza.

Watanijibu wapinzani kwamba kampuni yenyewe imebandika onyo kwenye shokapu: ina gesi ya shinikizo kubwa, isifunguliwe, isiwekwe karibu na moto. Naliheshimu onyo hilo, na ningependa mafundi wengi zaidi walisome. Lakini onyo lile linamlenga asiyejua. Kampuni hizohizo, katika vitabu vya ufundi vya pikipiki zao za mashindano, zimeeleza namna ya kuifungua shokapu, kubadilisha oili na kujaza naitrojeni upya, kwa sababu mshindani wa motokrosi hawezi kununua shokapu mpya kila baada ya mbio chache. Maarifa yaleyale yanayoitwa huduma ya kawaida kwa bingwa yanaitwa muujiza kwa mkulima wa Kapchorwa. Tofauti yao ni kwamba mmoja alipewa kitabu na mwingine alipewa bei.

Na hata anayetupa anahitaji maarifa hayo. Shokapu iliyochoka ikitupwa na gesi yake ndani, itaishia kwa wanaokusanya vyuma chakavu. Huko itakatwa kwa moto na kijana asiyejua ndani yake mna nini. Kwa hiyo kauli ya "nunua nyingine" haimalizi hatari, inaihamishia kwa maskini zaidi.

Wengine watasema gharama haifai, chombo ni kizee mno. Nakubali kwamba kuna shokapu zisizostahili kutengenezwa: silinda ikiwa imechanika au imechimbika kwa ndani, fimbo ikiwa imepinda, sehemu za kufungia zikiwa zimelika. Fundi mwaminifu atakwambia hivyo baada ya kuifungua. Ninachokipinga ni hukumu inayotolewa kabla ya kufungua. Baba mdogo alilipa chini ya robo ya bei aliyotajiwa Kampala, na pesa hiyo ilibaki Mbale, mikononi mwa mafundi wawili na muuza sili mmoja.

Sasa hoja ya tatu, ambayo ndiyo iliyonileta katika mkusanyiko huu. Hapa Uganda Kiswahili kina jina baya, na tusijifanye hatujui. Wazazi wetu walikisikia kwa askari, kwenye vizuizi vya barabarani, usiku, pamoja na amri ya kulala chini. Mwaka 2005 katiba yetu ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kama somo la lazima shuleni. Hayo ni mema. Lakini amri haikiondolei Kiswahili woga ambao amri nyingine zilikiletea. Bibi wa Kapchorwa hatakipenda Kiswahili kwa sababu kimetajwa kwenye katiba. Atakipenda siku kitakapomfaa. Siku ile Mbale nilimwona baba mdogo, ambaye kwa miaka mingi alikiita Kiswahili lugha ya kijeshi, akiuliza kwa Kiswahili namna sili inavyofanya kazi, akajibiwa kwa Kiswahili, akaelewa. Sijawahi kuhudhuria semina iliyofanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Mwanafunzi mwenzangu mmoja, niliposoma rasimu ya insha hii darasani, alisema kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kueleza mambo haya, ndiyo maana nimejaza maneno kama pistoni, valvu, regyuleta. Namwomba ahesabu tena. Bisibisi, jiliwa, msasa, fimbo, tundu, mfereji, pete, kifuniko, ukanda, povu, kutu, shinikizo: hayo yote nimeyakuta yamesimama tayari. Na pistoni ni Kiswahili kama meza ilivyo Kiswahili, na hakuna anayemdai Mreno meza yake. Lugha haipimwi kwa maneno iliyokataa kukopa. Inapimwa kwa swali moja: je, mtu akiifuata, chuma kitafanya kazi? Fundi wa Mbale aliifuata, na pikipiki inapanda mlima.

Kwa hiyo nina maombi. Wahadhiri wetu waheshimiwa, mnapotupangia kazi za msamiati, msitutume maktaba peke yake. Tutumeni gereji, kiwandani, kwa fundi wa friji, kwa mshona viatu, na mtudai tulete maelezo ambayo fundi mwenyewe akisomewa atasema, "Ndivyo." Wanafunzi wenzangu mnaotoka Rwanda, Burundi na Kongo, leteni maneno ya mafundi wenu, tuyaweke kando ya haya, tuone lipi linaeleweka mbali zaidi. Mafundi, kama insha hii itawafikia, mnapojaza naitrojeni andikeni kwa rangi juu ya silinda tarehe, aina ya gesi na kipimo, ili atakayeifungua baada yenu asijeruhiwe kwa kubahatisha.

Na wewe mwenye pikipiki kuukuu, ukiambiwa haitengenezeki, mwulize aliyekwambia swali la baba yangu mdogo: ilifungiwa wapi? Kama hawezi kukuonyesha, basi hajui, na asiyejua hana haki ya kukuuzia hukumu. Chukua shokapu yako, uende kwa anayejua.